Kuchagua Pawa Saplai ya Karakana ya Nyumbani

Vifaa vingi vinavyotengenezwa au kujaribiwa kwenye karakana ya nyumbani, kuanzia simu na redio hadi taa za LED ambazo wavuvi wa omena huwasha usiku ziwani, huhitaji volti 3 hadi 24 za mkondo mnyoofu, yaani umeme unaopita upande mmoja tu, ilhali soketi ya nyumba ya Milimani mjini Kisumu, kama ilivyo kote nchini Kenya, hutoa volti 240 za mkondo geu, ambao hukamilisha mizunguko 50 ya kwenda na kurudi kila sekunde. Chombo kinachogeuza umeme huo mkubwa kuwa mdogo ndicho mafundi hukiita pawa saplai. Wanunuzi wengi hukichagua kwa kusoma volti na ampea zilizoandikwa kwenye lebo, lakini namba hizo hueleza utendaji wake mambo yakiwa shwari, na ubora wake hudhihirika pale nyaya zinapogusana, umeme wa laini unaposhuka au radi inapopiga.

Jambo la kwanza kuthibitishwa ni utengano. Ndani ya transfoma ya kawaida mna misokoto miwili ya waya isiyogusana, na nishati huvuka kutoka mmoja hadi mwingine kwa nguvu ya sumaku, hivyo kwamba upande wa fundi hauna njia ya waya inayorudi kwenye laini. Viwango vya kimataifa vya IEC huhesabu volti zisizozidi 50 za mkondo geu, au 120 za mkondo mnyoofu, kuwa volti ya chini sana, lakini udogo huo haumlindi mtu ikiwa utengano haupo. Viko vifaa vya bei rahisi vinavyopunguza volti kwa kapasita peke yake bila transfoma. Mita itaonyesha volti 12 kati ya nyaya zake mbili, na bado waya wowote kati ya hizo unaweza kumpiga shoti mtu aliyesimama kwenye sakafu ya saruji. Stabilaiza zinazouzwa kulinda friji na televisheni nazo kwa kawaida hutumia msokoto mmoja uliogawanywa, kwa hiyo husawazisha volti bila kutenga chochote. Katika nyumba kongwe za Milimani ni vyema pia fundi wa umeme apime kama waya wa ardhi wa soketi umefika ardhini kweli, na plagi ya saplai ndogo iwekwe fyuzi ya ampea 3 badala ya ile ya 13.

Saplai zenyewe ni za aina mbili. Ya kwanza hutumia transfoma nzito ya chuma, daiodi 4 zinazonyoosha mkondo, kapasita kubwa inayojaza mabonde ya umeme huo, na kidhibiti volti, ambacho ni kipande chenye miguu mitatu kama 7812 au LM317. Hapa ndipo hesabu isiyofanywa huleta hasara. Transfoma ya volti 12 huonekana kuwa ndiyo inayofaa kutoa volti 12, lakini kilele cha umeme wake ni karibu volti 17, daiodi hula volti 1.4, na kapasita ya maikrofaradi 4700 ikitoa ampea 1 hushuka volti 2 kabla ya kujazwa tena, hivyo kwamba 7812, inayohitaji takriban volti 14.5 mlangoni mwake, hupewa 13.5. Laini ikishuka hadi volti 200, kama inavyoweza kutokea jioni majirani wote wanapopika, upungufu huwa mkubwa zaidi na spika huanza kuvuma. Transfoma ya volti 15 hutatua tatizo hilo kwa sehemu kubwa, ingawa gharama yake ni joto: volti 20 zikipunguzwa hadi 5 kwa ampea 1, wati 15 hupotea katika kidhibiti, kiasi kinachotosha kuendesha chuma kidogo cha kulehemia, na bila bamba la alumini la kupoza kipande hicho hujizima.

Aina ya pili hukatakata umeme mara makumi ya maelfu kwa sekunde, jambo linaloruhusu transfoma ndogo na nyepesi, na nyingi hukubali volti 100 hadi 240 bila kuyumba. Chaja ya kompyuta ya mapajani, yenye volti 19 na wati 65, ni mfano mzuri na mara nyingi hupatikana bure. Kasoro yake ni kelele za umeme zinazosikika kwenye redio za AM na vikuza sauti. Anayetengeneza vifaa hivyo abaki na transfoma ya chuma, na wengine wote wanafaa kununua aina hii. Kulifungua sanduku lake ni suala jingine kabisa, kwani kapasita ya upande wa laini huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa.

Sifa inayostahili kulipiwa kuliko zote ni kikomo cha ampea kinachorekebishwa. Fyuzi ya kioo huchelewa kuungua kuliko transista, kwa hiyo mara nyingi huokoa nyaya huku kifaa kikiwa kimekwisha kufa. Saplai ya mezani ya volti 30 na ampea 5, ambayo ni ya kawaida kwenye meza za mafundi wa simu, huwa na vitufe viwili vya kuzungusha: kimoja cha volti na kingine cha ampea. Fundi huweka volti anazotaka, hurudisha kitufe cha ampea chini kabisa, hugusanisha waya mwekundu na mweusi kwa makusudi, kisha hupandisha polepole hadi kioo kisome, tuseme, ampea 0.20. Akishaziachanisha nyaya hizo, saplai haitatoa zaidi ya kiasi hicho hata saketi ikiwa na shoti. Simu inayofikia kikomo hicho, saplai ikiwa imewekwa volti 4, kabla hata kitufe cha kuwashia hakijabonyezwa ina shoti, nayo imejieleza bila kuunguzwa. Saplai ya ampea 3 yenye kikomo hiki ina manufaa zaidi kwa mwanagenzi kuliko ya ampea 30 isiyo nacho.

Mazingira ya Kisumu yana madai yake pia. Upepo wa ziwani hukutana na upepo wa mashariki juu ya nchi kavu na kuinua mawingu ya radi, hasa alasiri na jioni. Kipande cha kinga kiitwacho varista hufyonza mishindo midogo ya umeme, lakini radi iliyopiga karibu huzuiwa tu na plagi iliyochomolewa. Taa ikiwaka usiku, wadudu wa ziwani huingia kwa wingi, na feni ya saplai huwavuta ndani pamoja na vumbi, kwa hiyo saplai yenye matundu inayopozwa bila feni hudumu zaidi. Umeme ukipotea, betri ya risasi na asidi ya volti 12, inayodumishwa kwa volti 13.8, hutoa umeme mtulivu kuliko saplai yoyote, ila haina kikomo: shoti yake hupitisha mamia ya ampea na inaweza kuichoma pete kidoleni, kwa hiyo fyuzi iwekwe karibu kabisa na kichwa chanya.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anaweza kuijaribu saplai ya mezani dukani kwa balbu ya indiketa ya gari, ya volti 12 na wati 21. Saplai ikiwa imewekwa volti 12 na kikomo cha ampea 3, taa ya kikomo humweka kidogo, kwa sababu waya wa balbu ukiwa baridi huvuta zaidi, kisha huzimika na kioo husoma karibu ampea 1.8. Mita ikiguswa kwenye vituo vya kutolea umeme isipungue volti 11.9, na baada ya robo saa kusiwe na harufu ya vanishi inayoungua.