Ute, ngao ya mapafu na tumbo msimu wa pamba

Msimu wa kununua pamba ukifunguliwa mkoani Simiyu, mambo mawili huongezeka kwa pamoja: vumbi na maumivu ya mgongo. Vumbi hutimka barabarani, kwenye maghala ya vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) na, kuliko kote, ndani ya vinu vya kuchambua pamba vya Bariadi na Maswa. Maumivu nayo huwapeleka watu duka la dawa kutafuta diklofenaki. Vumbi linaingia puani, kidonge kinapita mdomoni, lakini vyote huishia kuitikisa ngao ile ile ya mwili: ute.

Zaidi ya asilimia 90 ya ute ni maji. Kinachoufanya uvutike na kunata ni protini ziitwazo musini. Kila musini ni uzi mrefu wa protini uliozungukwa na minyororo mingi ya sukari, ambayo inaweza kufikia asilimia 80 ya uzito wake. Ni mithili ya tawi la mgunga lenye miiba pande zote: moja hurukwa, lakini yakilundikwa mlangoni mwa zizi, fisi hapiti. Sukari hizo ndizo zinazoshika maji. Seli huzihifadhi musini zikiwa zimekunjwa ndani ya vifuko. Vikifunguka, musini hunywa maji na kutanuka mara mamia.

Kifuani

Katika njia ya hewa, musini mbili, MUC5B na MUC5AC, hunasa vumbi na vijidudu. Virusi vya mafua, kwa mfano, hung'ang'ania sukari za musini vikidhani vimefika kwenye seli. Chini ya ute kuna vinyweleo vinavyopiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde, vikiusukuma hadi kooni. Huko tunaumeza bila kujua, na tindikali ya tumbo inamaliza kazi.

Vumbi la pamba lina vipande vya majani, udongo na sumu za bakteria. Mtu akilivuta kila siku, seli hujibu kwa kumwaga MUC5AC kupita kiasi. Ute unakuwa mzito, vinyweleo vinalemewa, makohozi yanabaki kifuani. Wafanyakazi wa pamba wanaweza kupata ugonjwa wa bisinosisi, ambao dalili yake ya mwanzo ni kifua kubana siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko. Kwa anayevuta sigara, hali huwa mbaya zaidi.

Tumboni

MUC5AC hiyo hiyo hutandikwa pia juu ya ukuta wa tumbo. Hapo hushikilia bikaboneti inayopoza tindikali kabla haijagusa seli. Bakteria Helicobacter pylori, ambaye ugunduzi wake uliwapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005, hupunguza makali ya tindikali inayomzunguka. Ute ulio karibu naye unalainika, naye anaogelea kuufikia ukuta.

Diklofenaki haihitaji kuogelea. Hupunguza prostaglandini, kemikali zinazoziamuru seli kutoa ute na bikaboneti. Amri ikikosekana, ngao inakonda na vidonda vya tumbo vinapata nafasi. Kwa kuwa dawa hufanya hivyo ikiwa ndani ya damu, kula kwanza hakuondoi hatari hiyo, na hata sindano haikwepeshi.

Kwa hiyo anayefanya kazi kinuni avae barakoa inayobana vizuri usoni, na mwajiri apunguze vumbi kwenye chanzo chake. Mwenye historia ya vidonda vya tumbo amwambie muuzaji wa dawa kabla ya kununua chochote cha maumivu. Parasetamoli kwa kipimo sahihi haina madhara hayo tumboni. Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asisubiri msimu upite: awahi hospitali siku hiyo hiyo.