Binti Anapoanza Kuuchukia Mwili Wake: Funzo Kutoka Fiji

Je, picha za kwenye skrini zinaweza kumfanya mtoto akatae chakula? Yaliyotokea Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, yanatupa funzo sisi walezi.

Nini kilitokea?

Matangazo ya televisheni yalifika eneo la Nadroga, Fiji, mwaka 1995. Kabla ya hapo, mwili uliojaa ulionekana huko kuwa dalili ya afya na ya kutunzwa vizuri. Mtu akikosa hamu ya kula, ndugu waliingiwa na wasiwasi.

Mtafiti Anne Becker wa Marekani na wenzake waliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huo, kisha kundi jingine mwaka 1998. Mwaka 1995 hakuna aliyesema kwamba hujitapisha ili apungue uzito. Miaka mitatu baadaye walikuwa takriban 11 kati ya kila 100. Baadhi yao walieleza kuwa walitamani kufanana na waigizaji waliowaona.

Utafiti huu hauthibitishi kwamba televisheni ndiyo chanzo pekee. Lakini unaonyesha jinsi mtazamo wa vijana kuhusu miili yao unavyoweza kubadilika haraka. Leo skrini iko mkononi mwa binti yako, kwenye simu.

Dalili za kuangalia

- Anaruka milo, au kila siku anasema ameshakula.
- Anakwenda chooni mara tu baada ya kula.
- Anakonda haraka, anasikia kizunguzungu au anazirai.
- Hedhi yake imekatika.
- Anajiita mnene ingawa amekonda.

Usisubiri akonde ndipo ushtuke. Anayejitapisha anaweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa. Kutapika mara kwa mara huharibu meno na hupunguza madini ya potasiamu mwilini, na moyo unaweza kupiga vibaya.

Ufanye nini nyumbani?

- Usimtanie kuhusu mwili wake, na uwakanye ndugu wanaomwita "bonge" au "kijiti".
- Usiuseme vibaya mwili wako mwenyewe mbele yake. Anakusikia.
- Kuleni pamoja, bila simu wala televisheni.
- Tazama naye anavyovitazama. Mweleze kwamba picha nyingi huchaguliwa na kurekebishwa.
- Ukiona dalili, zungumza naye faragha: "Mwanangu, naona siku hizi huli vizuri. Kuna nini?" Msikilize. Usimgombeze wala usimlazimishe kula.

Lini umpeleke kituo cha afya?

Mpeleke ukiona dalili yoyote kati ya hizo. Kukonda kunaweza pia kuletwa na kifua kikuu au kisukari, kwa hiyo apimwe. Akizirai, akitapika damu au moyo ukienda mbio, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Tatizo hili si deko wala ukaidi. Ni ugonjwa, na unatibika. Akiwahi kupata msaada, hupona kwa urahisi zaidi.