Rejista ya Mahudhurio na Ulinzi Dhidi ya Maradhi ya Mlipuko

Miongoni mwa kazi ambazo mwalimu mgeni huziona kuwa za karani kuliko za mwalimu ni kuita majina na kuweka alama katika rejista ya mahudhurio. Aghalabu huifanya upesi upesi ili aingie katika somo lenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba rejista hiyo, ikitunzwa na kusomwa ipasavyo, ni chombo cha kulinda uhai wa watoto.

Ufuatiliaji wa maradhi ni nini?

Wataalamu wa afya hutumia neno ufuatiliaji kwa maana ya kukusanya habari za wagonjwa bila kukoma, kuzilinganisha na hali ya kawaida, kuzifikisha kwa wenye uwezo wa kutenda, kisha kutenda. Sehemu hizo nne hazitengani. Habari iliyoandikwa bila kulinganishwa ni wino mtupu, na iliyolinganishwa bila kupelekwa popote haimponyi mtu.

Msingi wa yote ni kuijua kawaida. Chukua mfano wa darasa la watoto 50 ambalo kila siku hukosa watoto 2 au 3. Likikosa watoto 9 kwa siku mbili mfululizo, limesema jambo, na mwalimu wa darasa ndiye wa kwanza kulisikia. Mganga wa zahanati huwaona wagonjwa waliofika kwake tu. Mwalimu huviona viti vitupu.

Funzo la ndui

Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni kali ya kufuta ndui mwaka 1967. Uzoefu ulionyesha kwamba kuchanja umma peke yake hakutoshi; ilibidi kila mgonjwa atafutwe haraka, na waliomzunguka wachanjwe. Watafutaji walibeba kadi zenye picha ya mgonjwa wa ndui, wakazionyesha masokoni na shuleni, kwa kuwa watoto hujua ni nyumba gani ina mgonjwa.

Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Vipele vilimtokea tarehe 26 Oktoba 1977. Kwanza ilidhaniwa kuwa ana malaria, kisha tetekuwanga. Ukweli ulipojulikana, waliokutana naye walitafutwa na kuchanjwa, naye akapona. Mwaka 1980 dunia ilitangazwa kuwa imeepukana na ndui.

Kosa langu

Nilipokuwa mwalimu wa Darasa la Kwanza katika shule moja ya kijijini, watoto 7 hawakufika shuleni katika juma moja. Ulikuwa msimu wa mavuno. Nikaandika utoro, nikawapelekea wazazi karipio. Laiti ningalitazama mahali watokapo pamoja na majina yao, ningaliona kwamba 5 kati yao walitoka kitongoji kimoja. Siku ya tisa mama mmoja alikuja kuniomba radhi kwa utoro wa mwanawe. Mtoto huyo alikuwa amezikwa jana yake. Ilikuwa surua.

Mgonjwa wa surua huweza kuambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele kutokea hadi siku 4 baadaye. Kwa hiyo kila siku niliyonyamaza ilikuwa na thamani. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu, nayo haikuwa na habari. Sikuhitaji ujuzi wa tabibu. Nilihitaji kuhesabu, kuuliza na kwenda kusema.

Hatua za kufuata

(a) Ijue kawaida ya darasa lako. Kila Ijumaa jumlisha waliokosekana, uandike wastani wa siku.

(b) Uliza sababu kabla ya kuandika utoro. Tumia alama tofauti kwa ugonjwa, ruhusa, na sababu isiyojulikana.

(c) Tafuta mkusanyiko. Je, waliokosekana wanatoka kitongoji kimoja? Je, wana dalili moja, kama vile homa na vipele, au kuharisha?

(d) Toa taarifa siku ileile kwa Mwalimu Mkuu, naye aifikishe zahanati au kwa Bwana Afya. Taja idadi, umri, mahali, tarehe na dalili.

(e) Usiupe ugonjwa jina. Ikiwa mgonjwa wa Merca alidhaniwa kuwa na malaria naye ni mfanyakazi wa hospitali, mwalimu asijidai kutambua. Hali kadhalika, mwezi Machi 2023 mkoani Kagera, habari za kwanza zilitaja ugonjwa usiojulikana. Maabara ndiyo iliyothibitisha kuwa ni Marburg. Taarifa haikungoja jina, na mlipuko huo ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 2 Juni mwaka huohuo.

Wapo walimu wanaochelea kuitwa wazushi iwapo itaonekana kuwa watoto walikuwa shambani tu. Hofu hiyo haina msingi. Taarifa iliyotolewa kwa nia njema ikathibitika kuwa si ugonjwa humgharimu Bwana Afya safari moja. Ukimya hauna kipimo cha gharama yake.

Rejista kama zana ya kufundishia

Katika somo la Hisabati, wanafunzi wa Darasa la Tano waweza kuchora grafu ya nguzo ya mahudhurio ya juma, wakatafuta wastani, kisha wakaeleza ni siku gani si ya kawaida na kwa nini. Hivyo watajifunza hesabu na ulinzi wa jamii kwa pamoja. Mwalimu ahadhari asitaje mgonjwa kwa jina mbele ya darasa, wala asiruhusu mtoto anayerejea kutoka ugonjwani adhihakiwe. Mtoto aliyeaibishwa huficha ugonjwa wa ndugu yake, na ufuatiliaji hufia hapo.

Hitimisho

Mwalimu mwanafunzi, utakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha utakabidhiwa rejista pamoja na chaki. Unapoita jina na pasiwe na sauti ya kuitika, usiweke alama tu ukapita. Uliza yuko wapi.