Kura ya Mzazi: Mgombea wa COPA na Hesabu ya Shule ya Umma Nyawera

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, raia hachagui bodi ya elimu ya eneo lake kama afanyavyo raia wa Marekani, ambako wajumbe wa bodi ya shule hugombea viti, hupitisha bajeti ya shule za eneo lao na, katika majimbo mengi, huwa na sauti hata juu ya kodi inayozigharimia. Mkaazi wa Nyawera, mtaa wa komuni ya Ibanda mjini Bukavu unaojulikana zaidi kwa soko lake, hupiga kura ya shule mahali pamoja tu, nako ni kwenye mkutano mkuu wa wazazi wa shule anamosoma mtoto wake, pale inapochaguliwa kamati ya wazazi, ambayo watu wote huiita kwa kifupisho chake cha Kifaransa, COPA. Mwenyekiti wa kamati hiyo huingia pia katika baraza la usimamizi wa shule, yaani COGES, ambamo mkuu wa shule, walimu na wazazi hujadili fedha na mwenendo wa shule. Kiti hicho hakina mshahara, na kampeni yake humalizika alasiri moja. Lakini ndicho kiti pekee katika shule ya umma ambacho mzazi anaweza kumpa mtu na baadaye kumnyang'anya, kwa hiyo maoni ya anayekigombea yanastahili kupimwa kwa makini kuliko yanavyopimwa sasa.

Mkutano wenyewe unafahamika kwa kila aliyewahi kuhudhuria. Wazazi hubanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamekutana na ubao wa mbele, mkuu wa shule yupo kwenye meza ya mwalimu, na mgombea husimama penye ubao mweusi, ambao pengine bado una somo la asubuhi. Kinachosemwa hapo mara nyingi ni nidhamu ya watoto, uzio uliobomoka, vyoo vilivyojaa na usafi wa sare, mambo ya kweli yote, ambayo hata hivyo mgombea yeyote anaweza kuyaahidi bila kubishiwa na mtu. Wagombea hutofautiana panapoulizwa swali la fedha, na fedha za shule ya Kongo haziwezi kueleweka bila kuirudia historia yake.

Shule nyingi ambazo Mkongomani huziita za umma zinaendeshwa na makanisa. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitwaa shule za kidini na kuzifanya mali ya taifa, lakini baada ya muda mfupi serikali iliona kwamba haiwezi kuziendesha peke yake, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia saini mkataba na Kanisa Katoliki, makanisa ya Kiprotestanti na Kanisa la Kimbangu. Kwa mkataba huo shule zilibaki za serikali, nayo ndiyo yenye wajibu wa kuwalipa walimu na kupanga masomo, wakati uongozi wa kila siku ulirudishwa kwa makanisa. Ndiyo sababu huitwa shule za mkataba, na baadaye Waislamu nao walipata za kwao. Kwa mzazi wa Nyawera maana yake ni kwamba shule ya mtoto wake ina mabwana wawili, ofisi ya serikali na ofisi ya kanisa, na lalamiko linaloanzia darasani laweza kutembezwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine bila kupokelewa popote. Mgombea wa COPA asiyejua ni jambo gani linapelekwa kwa mratibu wa shule za kanisa na lipi linapelekwa kwa wakubwa wa elimu wa mkoa atawachosha wazazi na kujichosha mwenyewe.

Bwana wa tatu, yaani mzazi mwenye kulipa, aliingia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uchumi wa Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, ulipoanguka na mshahara wa mwalimu ukageuka karatasi isiyonunua kitu, walimu waligoma kwa muda mrefu, na ili watoto wasipoteze miaka zaidi, wazazi, kwa kukubaliana na makanisa, walianza kumlipa mwalimu kutoka mifukoni mwao. Malipo hayo yaliitwa primu, au malipo ya motisha, na yalifikiriwa kuwa ya muda tu, hadi serikali itakaposimama tena. Yalidumu zaidi ya robo karne. Kizazi kizima cha Bukavu kilisoma kwa fedha za mama anayeuza ndizi, samaki au vitenge, na hakuna sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini, kwa kuwa bila mama huyo shule za mji zingefungwa.

Mpango huo ulikuwa na upande mwingine, ambao wazazi wengi hawakuujua hadi walipokwisha kuuzoea. Karatasi ya malipo ilikuwa na mistari mingi: minervali, ambayo ni ada rasmi ya serikali na yenyewe ilikuwa ndogo, bima, gharama za uendeshaji, gharama za mitihani, na primu, iliyoushinda kila mstari kwa ukubwa. Viwango vilipangwa kila mwaka kwa amri ya gavana wa mkoa, na fedha zilizolipwa hazikubaki zote shuleni, kwani kulikuwa na jedwali la mgawanyo, lililoonyesha ni sehemu gani inapanda kwenda ofisi za elimu, za serikali na za kanisa, ngazi baada ya ngazi. Ofisi ambazo serikali haikuzipa fedha za karatasi wala za mafuta zilijilisha kwa mtoto wa darasa la kwanza. Hapa ndipo COPA ilipopata udhaifu wake wa kudumu, kwa sababu iliitwa kuidhinisha malipo, jina la mwenyekiti wake likatumika kama muhuri wa ridhaa ya wazazi wote, na mara chache ilionyeshwa hesabu ya mwisho. Anayegombea leo hana budi kusema wazi kama ataendelea kuwa muhuri huo.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 43, ilikwisha kusema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ikalirudia jambo hilo. Lakini ilikuwa Septemba 2019, mwaka wa kwanza wa utawala wa rais Félix Tshisekedi, ndipo serikali ilipotangaza kwamba kuanzia hapo hakuna mzazi atakayelipia shule ya msingi ya umma. Mamilioni ya watoto waliokuwa nyumbani, migodini na sokoni waliingia madarasani. Mwezi wa Juni 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kuusaidia mpango huo. Huu ni uamuzi mkubwa, pengine mkubwa kuliko wote ambao shule ya Kongo imeuona tangu mkataba wa 1977, na mgombea anayependekeza kurudisha primu ya shule ya msingi kwa mlango wa nyuma, kwa kuiita mchango wa maendeleo au shukrani kwa mwalimu, anawaomba wazazi wakubali kinachokatazwa na katiba.

Hata hivyo haitoshi mgombea kusema kwamba anaunga mkono masomo ya bure, kisha akakaa. Katika miji kama Bukavu, hasa katika shule za Kikatoliki zenye sifa, primu ya wazazi ilikuwa inamfikishia mwalimu fedha nyingi kuliko mshahara wa serikali, hivyo siku ilipofutwa mwalimu huyo alirudi nyumbani na fedha pungufu, wakati darasa lake lilikuwa limeongezeka watoto. Migomo iliyofuata ilitokana na hesabu hiyo, na mzazi aliyemlaumu mwalimu kwa kuchukia watoto wa maskini hakumtendea haki.

Jambo zito zaidi ni la wale waitwao walimu wasiolipwa, wanaojulikana kwa herufi mbili, NP. Ili serikali imlipe mwalimu, ni lazima shule yake iwe imetambuliwa na jina lake liwe kwenye orodha ya malipo, ambayo kwa miaka mingi ilishikwa na idara iliyoitwa SECOPE, na sasa DINACOPE. Ukichungulia orodha hiyo, kila mstari ni mtu: jina, namba ya utumishi, shule, kiasi. Mwalimu aliyeajiriwa na mkuu wa shule kwa sababu watoto waliongezeka, akawa anafundisha kila asubuhi, na jina lake halimo, huyo ndiye NP. Zamani sehemu ya primu ilimlisha, na ilipoondoka alibaki na chaki mkononi bila faranga. Wakati huohuo ukaguzi wa fedha za elimu uliofanywa na Ukaguzi Mkuu wa Fedha mwaka 2020 ulifichua shule hewa na walimu hewa waliokuwa wakilipwa na serikali. Mtu asiyekuwapo alikuwa na mstari, na anayesimama mbele ya watoto hana. Kwa sababu hiyo swali la kwanza ambalo mzazi wa Nyawera anapaswa kumwuliza mgombea ni la namba: katika shule hii walimu wangapi hawamo kwenye orodha, tangu mwaka gani, na barua ya kuwaombea ilipelekwa lini na kwa nani? Majibu yake yanapatikana katika ofisi ya mkuu wa shule, na mgombea aliyekwenda kuyatafuta kabla ya mkutano atajulikana mara moja.

Kuhusu msongamano wa madarasa, COPA haiwezi kujenga shule, lakini inaweza kuhesabu watoto kwa kila dawati na kupeleka hesabu hiyo kwa maandishi. Katika mji uliojengwa juu ya miteremko, wenye mvua nyingi na udongo unaotelemka, inaweza pia kukataa darasa jipya liwekwe ukingoni mwa korongo. Kuhusu lugha, utaratibu unataka miaka ya mwanzo ifundishwe kwa lugha ya taifa, ambayo Bukavu ni Kiswahili, kabla ya Kifaransa kushika nafasi. Wazazi wengi hudhani mtoto akianza na Kifaransa peke yake atafika mbali zaidi, ingawa mtoto anayesoma sentensi anayoielewa hujifunza kusoma mapema, na mgombea mwenye ujasiri angelisema hilo hata kama halitampatia makofi.

Shule ya sekondari ni habari nyingine. Elimu ya bure iliyowekwa na katiba ni ya msingi, hivyo mzazi ambaye mtoto wake amefaulu mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi huanza kulipa, na huko jedwali la mgawanyo na primu vingali hai. Familia yenye watoto watatu na fedha za mmoja hufanya uchaguzi usiosemwa, na mara nyingi anayebaki nyumbani ni msichana. Kamati ya wazazi ya sekondari ina nguvu zaidi kidogo kuliko ile ya msingi, kwa kuwa hapo malipo yanajadiliwa kweli, na mwenyekiti wake anaweza kudai kwamba anayedaiwa asifukuzwe darasani wiki ya mitihani, na kwamba kila faranga iandikiwe risiti yenye jina la mtoto na mstari wa matumizi.

Haya yote yamekuwa magumu zaidi tangu Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipouchukua mji wa Bukavu. Benki zilifungwa, na mshahara wa mwalimu wa serikali hupitia benki. Mwalimu ambaye jina lake lipo kwenye orodha alijikuta karibu sawa na NP, na shinikizo la kuwarudia wazazi likazidi, safari hii kwa wazazi ambao biashara zao zimekatika na akiba zao zimefungiwa humohumo benki. Katika hali kama hiyo COPA inaweza kushawishika kupanga mchango kimyakimya. Penye dhiki ya kweli, namna iliyo nyoofu ni kuuita mchango kwa jina lake, kuupigia kura mkutanoni, kuuwekea tarehe ya mwisho, na kuandika kwamba mtoto wa asiyeweza kutoa hataguswa.

Majirani wamepita njia zinazofanana. Uganda ilianza elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, Tanzania ikaifuta ada hiyo mwaka 2001 na kuzipa kamati za shule kazi ya kusimamia ruzuku iliyotolewa kwa kila mwanafunzi, na Kenya ikafuata mwaka 2003. Kote wanafunzi waliongezeka kwa ghafla, na kote madarasa yalijaa kupita kiasi. Kamati ya Tanzania ilipewa fedha kidogo na wajibu wa kuzitolea hesabu mbele ya kijiji, na matangazo ya mapato na matumizi yakawa yanabandikwa ubaoni kwa kila mtu kuyasoma.

COPA ya Nyawera haikupewa fedha za namna hiyo, lakini ukuta wa kubandikia hesabu upo. Gharama za uendeshaji ambazo serikali huipatia shule, idadi ya walimu waliomo na wasiomo kwenye orodha, idadi ya watoto kwa darasa, na mchango wowote uliopigiwa kura, vyote vinaenea kwenye karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa kando ya mlango wa mkuu wa shule, mahali ambapo mama anayepita kwenda sokoni asubuhi anaweza kusimama na kuisoma. Mgombea anayekubali kuibandika kila muhula, na kusimama kando yake siku ya kwanza ili aulizwe, amekwisha kutoa maoni yake yote kuhusu elimu ya umma.