Kumisi, kukata na kuzima: kumweleza fundi hitilafu ya vipindi

Kitenzi kumisi, kilichotoholewa kutoka Kiingereza, kina maana mbili zilizozoeleka. Mtu humisi aliye mbali naye. Gari nalo humisi njiani. Katika maana hii ya pili, silinda moja au zaidi hushindwa kuchoma mchanganyiko wa hewa na petroli kwa zamu yake. Injini hutikisika na nguvu hupungua, lakini gari huendelea kutembea.

Kwa hiyo kumisi si kisawe cha kukata wala cha kuzima. Niliwahi kulipia uzembe wa kuvichanganya. Gari langu lilipoanza kusitasita milimani, nilimwambia fundi, “Gari linakata.” Yeye alielewa kwamba mafuta hayafiki, akabadilisha pampu ya petroli. Mlima wa kwanza ulirudisha mtikisiko uleule. Kilichokuwa kibovu ni koili ya silinda ya 2.

Hitilafu ya vipindi ina tabia ya kutoweka gari linapofika gereji. Hapo maelezo ya dereva huwa sehemu ya ushahidi, na sarufi hubeba uzito. Linganisha:

(a) Gari linamisi.
(b) Gari humisi.
(c) Gari humisi likipanda mlima.

Sentensi (a) haibainishi kama hali ipo sasa hivi au ni ya siku hizi. Katika (b), kiambishi hu- kinaonyesha mazoea, bila kutaja wakati. Ni (c) pekee, kwa kiambishi -ki-, inayotaja sharti, na sharti ndilo humwongoza fundi. Mlimani shinikizo ndani ya silinda huongezeka, hivyo cheche huhitaji volti kubwa zaidi. Plagi iliyochakaa au koili dhaifu hujidhihirisha hapo. “Humisi baada ya mvua” huelekeza kwenye unyevu unaoingia katika waya au koili zenye nyufa. “Humisi likiwa limesimama, nikikanyaga mafuta huacha” huweza kuashiria hewa inayopenya kwenye mpira uliopasuka.

Mtafsiri naye ana tahadhari zake. Msimbo P0300 husema kuna kumisi bila kuitaja silinda. P0302 huitaja silinda ya 2. Hakuna kati yake unaosema “koili mbovu”. Fundi makini huhamishia koili ya silinda ya 2 kwenye silinda ya 3, na ya 3 kwenye ya 2. Msimbo ukigeuka P0303, koili imejitaja yenyewe. Usipohama, atachunguza plagi, nozeli na mgandamizo.

Tahadhari kubwa zaidi ni uradidi. Taa ya injini ikiwaka mfululizo, gari lipelekwe kukaguliwa mapema. Ikiwakawaka, kumisi ni kukali: petroli isiyoungua huingia kwenye ekzosi na huweza kuunguza kifaa cha kusafisha moshi. Dereva apunguze mwendo na mzigo kwa injini mara moja, na asimame mahali salama. Mtafsiri anayeandika “ikiwaka” kwa hali zote mbili amefuta onyo lenyewe.

Matumizi yanayopendekezwa: tumia kumisi kwa silinda inayoruka zamu, kukata kwa nguvu inayokatika ghafla, na kuzima kwa injini inayosimama kabisa. Kisha ongeza sharti kwa -ki-.