Baisikeli za Vyuma Vilivyotupwa: Tuliyoyaona Mzumbe

Wanachama wapenzi,

Msimu uliopita wa karafuu mpwa wetu alianguka na baisikeli mteremkoni, nyuma amefunga gunia la karafuu kavu akielekea kituoni. Mkono wake ulivunjika, gunia likapasuka, na karafuu zikamwagika mtaroni tukaokota tulizoweza. Baisikeli ile haikununuliwa dukani. Tuliiunda sisi pamoja naye, jioni baada ya kazi, kwa vyuma tulivyookota huku na huku.

Wengi wenu mlikuja kutupa pole, nasi twawashukuru. Lakini baadhi yenu mlituuliza swali ambalo siku ile hatukuwa na jibu lake: je, baisikeli ya vyuma vilivyotupwa yafaa kuaminiwa, au ni mchezo wa watoto tu? Swali hilo si dogo, kwa sababu vijana wa chama wameomba wapewe pembe moja ya ghala letu wafungue kibanda cha kuunda baisikeli namna hiyo, na ombi lao litaletwa mbele ya mkutano mkuu. Wapo wanaolipinga, na ajali ya nyumbani kwetu ndiyo wanayoitaja. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza khabari za fundi tuliyemkuta bara, na aliyotufundisha.

Safari yenyewe

Tulikwenda Mzumbe kuhudhuria mafunzo mafupi ya utunzaji wa hesabu. Mzumbe iko chini ya milima ya Uluguru, kiasi cha kilomita 25 kutoka mji wa Morogoro. Msafiri huiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga. Ni mahali penye sifa ya elimu. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilifungua hapo shule ya kufundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Na tangu mwaka 2001 ni Chuo Kikuu. Kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro tulipanda treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria katika njia hiyo mwezi wa Juni 2024, na kutoka hapo tukapanda gari.

Tulitazamia kuiona mikarafuu ya Uluguru, ambayo khabari zake twazisikia sana siku hizi. Wenyeji walitueleza kuwa hiyo imo upande wa pili wa milima, upande wa mashariki unaopokea mvua za kutoka baharini, huko Matombo, Kinole na Mkuyuni. Upande wa Mzumbe ni mkavu zaidi. Basi mikarafuu hatukuiona, ila tuliona jambo jingine lililotufaa.

Jioni ya siku ya pili, katika kijiji cha Changarawe kilicho jirani na chuo, tulipita karibu na mwembe tukaona fremu za baisikeli zimetundikwa matawini kama mishikaki. Chini yake alikuwapo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, anasugua kutu kwa msasa. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

Tulipomwambia kuwa twatoka kisiwani, katika chama cha wakulima wa karafuu, alicheka akasema kuwa katika Swala aliyoikata wiki ile alikuta spana yenye kutu imesahauliwa ndani ya bomba la kiti, wala hajui imekaa humo miaka mingapi. Wanachama wenye umri watazikumbuka Swala, baisikeli zilizoundwa Dar es Salaam na Kampuni ya Taifa ya Baisikeli, NABICO. Mzee yule anazo mbili, na chini yake rundo la Phoenix za Kichina, Hero na Avon za Kihindi, Raleigh za Kiingereza, na zile za mtumba zitokazo Japani na Ulaya.

Hauzi. Kuunda baisikeli ndiyo burudani yake ya jioni, kama wengine wachezavyo bao. Lakini haundi baisikeli kwa kukisia. Kwanza humpima mtu, kama fundi cherehani apimavyo kanzu. Humweka juu ya kiti na kumwambia aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka sawasawa, kiti kiko mahali pake. Tuliona moja aliyomtengenezea bibi wa jirani, bomba la juu limeondolewa na jingine limeungwa chini ili apande bila kunyanyua mguu. Nyingine ni ya mchukuzi wa mboga zinazoshuka kutoka Mgeta: gurudumu la mbele ni dogo, na juu yake pana jukwaa la kuwekea kapu. Mzigo ukikaa chini, alisema, baisikeli haiyumbi.

Hesabu za fundi

Tulidhani kazi hii ni kuokota na kufunga tu. Mzee alitufungua macho kwamba ni kazi ya hesabu, na tumeziandika hapa kwa faida ya vijana wetu.

Rimu na habu lazima zipatane matundu. Baisikeli za kale za Kiingereza, na za Kihindi zilizofuata mtindo wao, huwa na spoku 40 nyuma na 32 mbele, lakini nyingine nyingi zina 36 mbele na nyuma. Mwenye rimu ya 40 na habu ya 36 hana gurudumu, hata vyuma vyote viwili viwe vipya.

Nyuzi za skrubu nazo hudanganya. Katika kikombe cha gololi za pedali, baisikeli nyingi zina nyuzi 24 kwa kila inchi, lakini Raleigh nyingi za kale zina 26. Kwa macho zafanana. Ukilazimisha kwa spana, utaharibu kikombe na fremu pamoja.

Mnyororo hupimwa kwa rula. Pingili 24 za mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, mnyororo umekwisha, wala usiufunge, kwani utakula meno ya gia yako nzuri.

Gololi hubadilishwa zote kwa pamoja, wala hazichanganywi kuukuu na mpya. Kwa kawaida za habu ya nyuma ni robo inchi, na za mbele ni ndogo kuliko hizo.

Kwa mlima na mizigo, tazama gia. Gia ya mbele ikiwa na meno 48 na ya nyuma 16, kila unapozungusha pedali mara moja, gurudumu huzunguka mara tatu. Huo ni mwendo wa mtu asiye na mzigo kwenye njia tambarare. Ikiwa ya mbele ni 44 na ya nyuma 22, gurudumu huzunguka mara mbili tu. Utakwenda polepole, lakini utapanda na gunia lako bila kushuka.

Na fremu iliyopinda hujulikana kwa uzi. Funga uzi nyuma, panapokaa ekseli, upeleke mbele uzunguke shingo ya fremu, uurudishe nyuma upande wa pili. Kisha pima kutoka kwenye uzi mpaka bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo visipolingana, fremu imepinda.

Kosa letu

Hapo ndipo tulipoona haya kunyamaza. Tulimweleza mzee ajali yetu. Kabla ya kuuliza lolote juu ya baisikeli, aliuliza, "Na mtoto anaendeleaje?" Tukamjibu kuwa mkono umeunga, anashukuru Mungu. Kisha akauliza, "Uma wa mbele mliutoa wapi?"

Uma wa mbele ndio ule ambao mafundi huuita foki, unaoshika gurudumu la mbele. Tulimweleza kweli: tuliutoa katika baisikeli iliyogongwa na gari, tukaunyoosha kwa nyundo, tukaupaka rangi nyekundu ya kupendeza. Siku ya ajali mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Rimu zetu zilikuwa za chuma cha kung'aa, na mipira ya breki tuliitoa katika baisikeli iliyokaa juani miaka mingi. Mpwa wetu alipofunga breki, mipira iliteleza. Baisikeli ikashika kasi, ikaingia shimoni chini ya mteremko, na uma ukakatika pale unapoingia shingoni.

Mzee hakutukaripia. Alichukua uma mmoja kuukuu, akaufuta kwa mafuta ya taa, akaukausha vizuri kwa kitambaa, kisha akausugua chaki ile ile ya darasani. Baada ya muda mfupi pakatokea juu ya weupe wa chaki mstari mwembamba wenye unyevu. Ulikuwa ni ufa. Mafuta yaliyojificha ndani yake yalitoka na kujichora. Kwa macho matupu hatukuuona, na laiti ungepakwa rangi tusingeuona kabisa.

"Huu nitautumia kushikia tawi la mwembe," alisema. "Hata usiponionyesha ufa, uma uliogongwa siupandishi mtu. Chuma kilichopindishwa na kunyooshwa kimekwisha kuchoka."

Akatuhesabia vitu vitatu ambavyo yeye haviokoti, bali hununua vipya au huvitoa katika baisikeli anayoijua tangu ilipoanza kutumika: uma wa mbele, shingo ya usukani, na breki, yaani mipira, waya na vyuma vyake. Vingine vyote, alisema, ukikosea vitakuchelewesha njiani. Hivi vitatu ukikosea, humwumiza mtu. Tena alituonya kuwa rimu ya chuma ikilowa hushika breki kwa udhaifu sana, hata mipira iwe mipya. Mwenye mzigo na ashuke, asukume, mpaka mteremko uishe.

Wengine duniani

Wasidhani wanachama kuwa kazi hii ni ya mzee mmoja asiye na shughuli. Huko Arusha, Bernard Kiwia alianza kama fundi wa baisikeli, na kwa vyuma vya baisikeli kuukuu akaunda mashine za kuvuta maji na za kuchaji simu. Mbali zaidi, katika nchi ya Guatemala, liko shirika liitwalo Maya Pedal, lililoanzishwa mwaka 1997 katika mji wa San Andrés Itzapa, ambalo hugeuza baisikeli zilizotupwa kuwa mashine za kusaga na kupukuchua mahindi. Na ndugu zetu wa Goma, mashariki ya Kongo, wana chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedali, chenye kubeba viazi na makaa kutoka milimani. Magurudumu yake huvikwa mpira wa tairi kuukuu. Hata chombo hicho cha mbao kina breki yake, kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma, kwani mwenye kushuka mlima na mzigo anajua ni kitu gani asichoweza kukikosa.

Maoni yetu

Sasa twarudi kwenye ombi la vijana. Maoni yetu ni kwamba wapewe ile pembe ya ghala, na tunasema hivyo sisi tulioumizwa na kosa letu wenyewe. Hakuna nyumba ya mwanachama isiyokuwa na fremu au gurudumu linalooza nyuma ya jiko, na katika msimu wa kuchuma kila mtu anahitaji chombo cha kufikisha karafuu zake kituoni. Tena kijana anayejua kupima mnyororo na kusikiliza spoku kwa kidole, kama zinatoa sauti moja, ana kazi mkononi hata mwaka ambao mikarafuu haikuzaa.

Lakini tunaomba mkutano uweke masharti manne. Kwanza, uma, shingo ya usukani na breki visitoke katika rundo. Chama kianzishe mfuko mdogo wa kuvinunua vipya. Pili, kila fremu na kila uma, hata mpya, upimwe kwa mafuta ya taa na chaki kabla ya kupakwa rangi, mbele ya watu wawili. Tatu, baisikeli isibebe gunia mpaka imekwisha kupandwa wiki mbili bila mzigo na kukazwa skrubu zake upya. Nne, wakati wa mvua mizigo iteremshwe milimani kwa kusukumwa.

Kila mwanachama mwenye baisikeli isiyofaa na ailete siku ya mkutano, hata ikiwa kipande kimoja. Sisi tutaleta ile nyekundu, pamoja na uma wake uliokatika, ili kila mtu apate kuutazama kwa macho yake. Na mpwa wetu atakuwapo. Yeye ndiye aliyetuomba tuandike khabari hizi, na ndiye wa kwanza katika orodha ya vijana wanaotaka kibanda.

Wassalaam.

Katibu wa Chama