Kwa Nini [a] Si [i]? Fourier na Irabu za Kiswahili

Katika somo la fonetiki tunawafundisha wanafunzi kwamba [a] hutamkwa ulimi ukiwa chini na [i] ukiwa juu, mbele. Hata hivyo, msikilizaji hauoni ulimi wa msemaji. Je, huitambuaje irabu? Makala haya mafupi yanakusudia kujibu swali hilo kwa kutumia fikra ya mwanahisabati Mfaransa, Joseph Fourier (1768–1830).

Katika kitabu chake kuhusu joto, kilichochapishwa mwaka 1822, Fourier alionyesha kuwa wimbi linalojirudia, hata likiwa na umbo tata, laweza kuchanganuliwa kuwa jumla ya mawimbi sahili. Mawimbi hayo huitwa hamoniki. Hamoniki ya kwanza, yaani ya msingi, hujirudia kwa kasi ileile ya wimbi zima. Ya pili mara mbili yake, ya tatu mara tatu, na kuendelea. Umbo la wimbi hutegemea sana ukubwa wa kila hamoniki. Kwa mfano, wimbi la mraba lina hamoniki za namba witiri pekee: ya tatu ina theluthi moja ya ukubwa wa ile ya kwanza, na ya tano ina sehemu moja ya tano.

Sasa tuitazame sauti ya binadamu. Nyuzi sauti za mwanamume zikitetema mara 120 kwa sekunde, yaani hezi 120, hutoa pia hamoniki za hezi 240, 360, 480 na zaidi. Za mwanamke, zikitetema mara 200, hutoa 400, 600, 800 na kadhalika. Koo na kinywa huwa kama chujio: baadhi ya hamoniki hupewa nguvu na nyingine hufifishwa. Maeneo yanayopewa nguvu huitwa fomanti. Kwa sauti ya mwanamume, fomanti ya kwanza ya [i] huwa karibu na hezi 300 na ya pili hupita 2,000. Za [a] huwa karibu na 700 na 1,200.

Kwa hiyo, kidatu hutokana na hamoniki ya msingi, ilhali irabu hutokana na jinsi nguvu zilivyogawanyika miongoni mwa hamoniki. Ndiyo maana mwalimu wa kike na mwanafunzi wa kiume hutamka [a] moja kwa vidatu tofauti.

Jambo hili lina uzito darasani. Wengi wa wanafunzi wetu wana lugha mama zenye toni, kama vile Kiganda na Kinyarwanda. Wakihamishia toni hizo katika Kiswahili, kinachobadilika ni kidatu, si irabu. Mtahini akilihesabu kosa hilo kuwa la irabu, mwanafunzi hupoteza alama bila haki, na kosa lenyewe hubaki palepale. Kinyume chake, anayekosea [e] hasaidiki kwa kuambiwa apandishe sauti. Aelekezwe kurekebisha ulimi, taya na midomo.

Tunapendekeza zoezi hili. Tumieni programu ya Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, nayo hupatikana bila malipo. Rekodini maneno "pika" na "paka" kwa kidatu kimoja, kisha "paka" kwa vidatu viwili. Linganisheni fomanti za silabi ya kwanza, na mjadili mlichokiona.